Kubadilisha kontrol boksi ya Hilux Vigo: pima kwanza, pesa baadaye

Kufungua kontrol boksi ya Hilux Vigo, yaani kompyuta ya injini, na kufunga nyingine hakuzidi nusu saa. Ni bolti chache za spana namba 10 na soketi zenye leva, basi. Kinachomaliza siku, na kumaliza pesa, ni kazi ya kabla na kazi ya baada. Kabla, uthibitishe kwamba boksi ndiyo mgonjwa. Baada, uifanye boksi ngeni ikubaliane na ufunguo na nozeli za gari lako. Mafundi wengi tunaijua vizuri ile ya katikati tu. Ndiyo maana chini ya benchi langu zimelala boksi kadhaa zilizoletwa zikisemwa zimekufa, na nikizipa umeme mezani zinaongea na mashine bila shida yoyote.

Naandika nikiwa na Vigo za dizeli kichwani, yaani Hilux zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015, zenye injini ya 2KD-FTV ya cc 2494 au 1KD-FTV ya cc 2982. Zote mbili ni D-4D: pampu inajaza mafuta kwenye reli kwa presha kubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ipi ifunguke, lini, na kwa muda gani. Kompyuta ikinyamaza, injini nayo inanyamaza. Kama pikapu yako ni ya zamani zaidi, yenye 3L au 5L ya pampu ya kimakanika, haya hayakuhusu. Injini hiyo inapiga mafuta bila kompyuta, na fundi akikuambia kontrol boksi ya injini imekufa, mwambie akuonyeshe ilipo.

Vifaa vya kuwa navyo: mita ya umeme, taa ya kupimia, spana namba 10, bisibisi ya nyota, kipande cha waya mwembamba, chaja ya betri, na mashine ya kusoma gari inayoijua Toyota vizuri. Laptopu yenye Techstream, programu ya Toyota yenyewe, na kebo yake inatosha. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vya kusoma kwenye simu vitakusomea misimbo ya makosa, lakini havitaandikisha nozeli, na huko mbele utaihitaji kazi hiyo.

Je, ni boksi kweli?

Weka ufunguo ON bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi. Taa ya njano ya injini lazima iwake, na izime injini ikishaunguruma. Hiyo ndiyo salamu ya boksi. Ikiwaka, na mashine ikaingia upande wa injini na kusoma data, boksi iko hai. Gari lisipowaka katika hali hiyo, mtafute mwingine: sensa ya krenki, valvu ya SCV kwenye pampu ya mafuta, nozeli zinazorudisha mafuta mengi hadi presha ya reli haipandi, au imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi) iliyokataa ufunguo. Boksi iache ilipo.

Isipowaka, usikimbilie dukani. Kwanza hakikisha hakuna aliyeing'oa balbu. Wauzaji wa magari wenye haraka hufanya hivyo ili mnunuzi asiulize maswali. Kisha jaribu mashine. Ikiwa ABS na eabegi zinajibu ila injini haijibu, sasa tuna kesi. Lakini hata hapo boksi ni mtuhumiwa tu. Bado kuna njia nne za kuinyamazisha ikiwa nzima.

Ya kwanza ni betri. Ikiwa imetulia isome karibu na volti 12.6, na ukipiga stata isishuke chini ya 10 hivi. Betri iliyochoka inaweza kuzungusha stata huku boksi inazima na kuwaka bila wewe kujua.

Ya pili ni umeme wenyewe kuifikia boksi. Pima fyuzi za EFI, ECU-B na ECU-IG kwa taa, kwenye miguu yote miwili, zikiwa zimechomekwa. Kwenye baadhi ya dizeli ile ya EFI imeandikwa ECD. Fyuzi ya kuangalia kwa macho imeshadanganya watu wengi. Halafu elewa jinsi umeme unavyoingia. Pini ya BATT ina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ukiweka ON, pini ya IGSW inapata umeme. Boksi ikihisi hivyo inatoa amri kupitia MREL, relei kuu inabofya, na umeme mkubwa unarudi kwenye boksi kupitia +B. Kwa hiyo weka kidole juu ya relei kuu, mwenzako aweke ON. Usiposikia mbofyo, pima BATT na IGSW kwenye soketi ya boksi. Moja ikikosekana, tatizo ni waya au swichi ya ufunguo. Zote zikiwepo, ethi (njia ya hasi) ikiwa nzuri, relei ukiijaribu nje inabofya, na MREL haitoi kitu, hapo umepata ushahidi wa kwanza wa maana.

Ya tatu ni ethi. Usipime kwa kutafuta mlio wa mita, maana waya wenye nyuzi mbili zilizobaki nao utalia. Weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye pini ya ethi ya boksi, kisha piga stata. Mita isome karibu na sifuri. Ikipanda kupita volti 0.2, fuata waya huo hadi unapofungwa kwenye injini. Mara nyingi utakuta bolti imelegea, au fundi aliyeshusha injini alirudisha kila kitu isipokuwa waya huo.

Ya nne nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo inayouza boksi nyingi kuliko zote.

Zile volti 5

Boksi haizipi sensa umeme wa betri. Inatengeneza volti 5 zake na kuzigawa kupitia waya uitwao VC. Sensa ya presha ya reli, sensa ya upepo wa turbo na nyinginezo hunywa kwenye bomba hilohilo. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukisagika kwenye chuma, volti 5 zote zinaanguka. Na boksi za Toyota zikikosa volti 5 hizo, hata ubongo wake unazima: taa ya injini haiwaki, mashine haipati mawasiliano, injini haiwaki. Dalili ni zilezile za boksi iliyokufa, hata fundi mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Niliwahi kuletewa Vigo ya mkulima, nyeupe, imefungwa boksi ya pili na bado kimya. Mwenye gari alikuwa ameshauza mpunga wake kulipia ya kwanza. Nilichomoa soketi ya sensa ya presha ya reli, taa ya injini ikawaka palepale. Boksi yake ya asili, aliyokuwa ameibeba kwenye mfuko wa rambo, tuliirudisha na gari likaondoka nayo.

Kwa hiyo fanya hivi. Ufunguo ukiwa ON, chomoa soketi ya sensa ya upepo wa turbo yenye waya tatu na upime upande wa waya: moja iwe na volti kati ya 4.5 na 5.5, nyingine iwe ethi. Ukipata 5, njia hii imepita. Ukipata sifuri, acha mita hapohapo na uanze kuchomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine: reli, pedeli ya mafuta, EGR (valvu ya kurudisha moshi kwenye injini), koo la hewa. Itakapochomolewa iliyo mbovu, mita itaruka hadi 5. Ukizimaliza zote na bado sifuri, chomoa betri, chomoa soketi za boksi, upime waya wa VC dhidi ya ethi. Ukikuta umegusana na ethi, una kazi ya kufuata waya, hasa unapopita nyuma ya injini karibu na joto na pale panya wanapopenda kulala. Waya ukiwa safi, na boksi bado haitoi 5 hata sensa zote zikiwa nje, basi imejihukumu yenyewe.

Kuna ushahidi mwingine unaokubalika. Msimbo P0606 (kosa la ndani ya boksi) unaorudi kila ukiufuta huku umeme na ethi ni safi. Gari linalozima boksi ikipata joto na kuwaka ikipoa, ukilirudia jaribio kwa kupulizia boksi hewa ya moto kidogo. Na kutu ya kijani kwenye pini au ndani ya bodi, ambayo haihitaji mjadala.

Msimbo P0200 (kosa la njia ya umeme ya nozeli) usikupeleke kwenye boksi moja kwa moja. Kwenye injini hizi nozeli haziendeshwi na kontrol boksi yenyewe. Kuna boksi nyingine ndogo ya chuma iitwayo EDU, huko kwenye injini, inayopokea amri na kuzirushia nozeli umeme mkali mara kadhaa kuliko wa betri. Anza na hiyo pamoja na waya zake. Na usishike soketi zake wala za nozeli injini ikiunguruma, itakupiga vizuri.

Jambo moja la kukataa: kuazima boksi ya gari la rafiki ili "tujaribu tu". Kama kilichoua ya kwako bado kipo kwenye waya, utarudisha maiti mbili.

Nini kiliiua?

Boksi hizi haziozi zenyewe kirahisi. Zinauawa. Ukifunga mpya bila kumpata muuaji, umemletea chakula.

Muuaji mkubwa kwetu ni kubusti. Betri imeisha porini, linapita Fuso au Scania, dereva mwema anatoa waya, na hakuna anayekumbuka kwamba lori lile lina volti 24. Kosa la pili la hapohapo ni kugeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Anayefuata ni mchomeleaji wa bodi aliyeongeza vyuma vya keria bila kuchomoa betri. Kisha altaneta iliyoharibika rigyuleta: pima gari likiwaka, chaji ikae kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na ukiikuta inapanda 15 na kuendelea, itengeneze kabla ya jambo lolote.

Maji ni habari ndefu. Boksi inakaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, chini ya kioo cha mbele. Mpira wa kioo ukiachia, au majani yakiziba mifereji iliyo chini ya waipa, maji ya masika yanateremka taratibu. Upande huohuo ndiko kuna kipoza hewa cha AC, na bomba lake la kutolea maji likiziba, maji yanamwagika ndani. Inua zulia la abiria ulinuse. Ukikuta unyevu, fukuzana na maji kwanza, kisha boksi.

Kununua

Soma lebo ya boksi yako. Namba ya Toyota ya kontrol boksi ya injini huanza na 89661, na kwa Hilux hizi kinachofuata huanza na 0K, kisha tarakimu nyingine. Ukiletewa inayoanza na 89871, hiyo ni EDU, mwambie muuzaji asante. Namba ifanane yote. "Inafanana sana" si namba. Tarakimu mbili za mwisho zikitofautiana, inaweza kuwa boksi ya gia ya otomatiki wakati wewe una manyuo. Inaweza pia kuwa ya 2KD yenye turbo ya kawaida wakati yako ina turbo ya mapezi yanayogeuka, au ya gari lisilo na EGR. Gari linaweza hata kuwaka, kisha likakosa nguvu milimani ukaanza kuilaumu turbo. Kama duka la Toyota litakuambia namba yako imefutwa na kuna nyingine iliyochukua nafasi yake, hiyo inakubalika. Ya kubahatisha haikubaliki.

Uwe macho na mzigo wa Ghuba. Spea nyingi za mtumba zinatoka Sharjah na Dubai, na Hilux nyingi za kule ni za petroli, 2.7 ya injini ya 2TR. Kwa nje boksi zinafanana kama mapacha, ila ile haijui lolote kuhusu nozeli za dizeli.

Uwe Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, utakutana na kibao kilekile ukutani: vifaa vya umeme havirudishwi. Zungumza kabla hujatoa pesa. Omba ipimwe mezani, umeme na ethi vikiunganishwa, mashine ikiongea nayo mbele yako. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika 5 amekujibu. Akikubali, mwandikiane kwenye risiti namba ya boksi na siku za kuirudisha, maana ataipiga alama yake ya rangi, nawe uwe na yako.

Kuna njia ninayoipenda zaidi ya zote kwa boksi ya mtumba: kuhamisha data. Mtaalamu wa elektroniki anafungua boksi ya zamani, anasoma kumbukumbu yake, anaiandika yote kwenye ile uliyonunua. Ikifanikiwa, boksi ngeni inaamka ikijidhania ni ile ya zamani: inajua ufunguo wako, inajua nozeli zako. Inawezekana hata boksi ikiwa imekufa kwa umeme, mradi chipu ya kumbukumbu haijaungua. Kumbuka bado namba zifanane. Na kabla ya kununua, mwonyeshe mtaalamu huyohuyo boksi yako. Mara nyingine kinachohitajika ni kubadilisha kijipande kimoja cha ulinzi wa umeme kilichojitoa mhanga ili wengine wapone, hasa baada ya kugeuza nyaya za betri.

Kabla hujashika spana

Kama boksi ya zamani bado inaongea hata kwa kusuasua, ingia na mashine usome misimbo ya nozeli zote 4 na kuipiga picha. Kila nozeli ilipimwa kiwandani na kupewa msimbo unaoiambia boksi jinsi inavyotofautiana na wenzake. Kwenye nyingi ni herufi na tarakimu 30. Boksi ikiwa kimya kabisa, utaisoma kichwani mwa nozeli, karibu na soketi ya waya, ukishafuta mafuta na vumbi. Tumia tochi na kamera ya simu, na uandike ipi ni ya silinda ipi. Herufi B na namba 8 zimeshanipotezea jioni nzima.

Kufungua na kufunga

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, chomoa hasi ya betri. Subiri angalau sekunde 90. Si ushirikina: mfumo wa eabegi unabaki na umeme kidogo baada ya betri kutoka, na eabegi ya abiria iko juu kidogo ya pale utakapoweka kichwa.

2. Fungua droo ya dashibodi ya abiria, minya kuta zake zipite vizuizi, ishushe na uitoe. Ondoa na plastiki ya chini inayokuzuia. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni upande wa kushoto. Kwa wenzetu wa Kongo na Rwanda wenye usukani wa kushoto, ni kinyume chake.

3. Piga picha soketi zote kabla hujazigusa.

4. Gusa chuma kitupu cha bodi ya gari ili ujitoe umeme wa mwilini, hasa kipindi cha kiangazi. Vua sweta la nailoni.

5. Soketi zinatoka kwa leva, si kwa kuvuta waya. Bonyeza kilokoo (kifungio cha leva), zungusha leva, soketi inajisukuma yenyewe. Ikigoma, umekosea kilokoo, usilete bisibisi.

6. Fungua bolti kwa spana namba 10, toa boksi pamoja na kishikizo chake. Hamishia kishikizo kwenye boksi mpya.

7. Chungulia soketi zote kwa tochi. Pini ya kijani, iliyozama ndani au iliyopanuliwa na sindano ya mtu aliyepima kabla yako ndiyo itakayokurudisha hapa wiki ijayo. Safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme inayokauka. Maji, petroli na WD-40 uviache.

8. Linganisha namba za lebo kwa mara ya mwisho, boksi mbili kando kwa kando, kwa sauti.

9. Funga boksi, ingiza soketi, rudisha leva hadi zibofye. Bolti zikaze kwa mkono wa kawaida. Droo usiirudishe kwanza.

10. Rudisha hasi ya betri. Weka ON bila stata. Taa ya injini iwake. Isipowaka, rudi kwenye zile volti 5 kabla hujalaani boksi mpya.

Ufunguo

Vigo nyingi za bei ya chini hazina imobilaiza kabisa. Ufunguo wake ni chuma na plastiki tu. Zenye imobilaiza zina taa ndogo ya usalama kwenye dashibodi inayomwekamweka gari likiwa limefungwa. Kwa hizo, boksi mpya na boksi ya imobilaiza lazima zijuane, la sivyo injini itawaka sekunde moja na kuzima, au haitawaka kabisa.

Toyota waliweka njia ya kuzitambulisha bila mashine. Tafuta soketi ya kupimia yenye matundu 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Safu pana ya juu inahesabiwa 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kile kipande cha waya. Hesabu mara mbili, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, na ukiliunganisha na la 4 utaunguza fyuzi na pengine zaidi. Weka ufunguo wa asili ON, usipige stata, uache hivyo dakika 30. Taa za dashibodi zitamwekamweka, ni kawaida. Funga chaja ya betri na uzime feni na redio, kwa kuwa nusu saa ya ON inaila betri iliyochoka. Dakika zikitimia, zima, toa waya, jaribu kuwasha.

Kwa boksi mpya kabisa njia hii ndiyo ya kitabuni. Kwa ya mtumba inaweza kukubali, inaweza kugoma. Ikigoma, mashine itakuonyesha B2799, maana yake boksi mbili hazijaelewana, na hapo unahitaji mtu wa kuandika upya kumbukumbu ya imobilaiza. Usikubali ushauri wa kukata waya. Kwenye Toyota za miaka ya nyuma, ambazo imobilaiza yake imo ndani ya boksi ya injini yenyewe, nunua boksi pamoja na ufunguo wake ulioendana nayo, au hamisha data.

Nozeli na kujifunza upya

Gari limewaka, kila mtu anapiga makofi. Bado. Kama hukuhamisha data, boksi hii ama haina misimbo ya nozeli au ina ya gari jingine. Utaisikia: injini inagonga ikiwa baridi, inatetemeka ikiwa imetulia, moshi mweupe asubuhi. Mara nyingi P1601, msimbo wa kosa la misimbo ya nozeli, itakuwa imejitokeza. Ingia kwenye mashine, andika msimbo wa kila nozeli kwa silinda yake, hifadhi, zima, washa tena, soma upya uhakikishe vimekaa.

Kisha pampu ya mafuta. Boksi inahitaji kujifunza tabia ya pampu yako, kwa hiyo tumia kipengele cha kuanzisha upya pampu kwenye mashine. Baada ya hapo pasha injini hadi joto lake la kazi na uendeshe zoezi la kujifunza kiasi cha mpigo mdogo wa kwanza wa mafuta. AC na taa ziwe zimezimwa, na usiguse pedeli. Kuna mafundi wanaoruka hatua hizi kwa sababu "limewaka". Ni haohao wanaomrudishia mteja gari linalokula mafuta na kumshauri anunue nozeli.

Futa makosa yote, kisha usome data injini ikiwa imepata joto na imetulia. Joto la maji liwe la kweli, presha ya reli ifuate ile inayotakiwa, na marekebisho ya nozeli yasipishane sana. Ikiwa silinda moja imevuka 3 kwenda juu au chini huku wenzake wako karibu na sifuri, rudi utazame msimbo uliouandika kabla hujaituhumu nozeli. Huenda ni ile B na 8.

Endesha kilomita 20 hivi, pamoja na mlima na barabara mbovu ya kutikisa soketi. Rudi, soma tena. Ikiwa hakuna kosa lililorudi, rudisha droo, weka saa ya redio, na umwambie mwenye gari asikubali tena kubustiwa na lori.

Boksi ya zamani usiiache kwa fundi wala kwa muuzaji, hata kama ni maiti. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, bandika karatasi yenye misimbo ya nozeli zako na tarehe, uiweke nyumbani. Kumbukumbu ya gari lako bado imo humo, na siku hii mpya ikipigwa na volti 24, mtaalamu wa kuhamisha data atakuuliza hiyo kabla ya kitu kingine.